Dole la Mgonjwa: Sehemu ya Tisa

Dole gumba la kushoto la Pindo lilikuwa limeshaloa wino, na karatasi ilikuwa chini yake, umbali wa ukucha tu. Hapo ndipo tulipomwacha wiki iliyopita: fundi cherehani mwenye mguu wa kulia ndani ya plasta na mkono wa kulia ndani ya bendeji, amewekwa kwenye kochi sebuleni kwa mama mkwe wake, na shemeji yake amemshika kiwiko akimwonyesha pa kugandamiza.

"Hapo kwenye mstari," shemeji alisema. "Dakika moja tu, yaishe."

"Ngoja nisome."

"Utasoma nini, shemeji? Ni karatasi ya bima. Zote zinafanana."

"Basi hii nayo itafanana na wenzake. Ngoja nisome."

Shemeji alimtazama mama yake. Mama mkwe alikuwa amekaa karibu na dirisha, anachambua mchele kwenye ungo, na hakuinua uso.

Pindo akainamia karatasi. Mstari wa kwanza ulitaja kiasi cha pesa ambacho kisingetosha hata kununua cherehani ya mkono wa pili. Mstari wa pili ulisema mjeruhiwa ameridhika kabisa na hatadai kitu kingine chochote, sasa wala baadaye. Mstari wa tatu aliusoma mara mbili. Palipoandikwa "Dereva wa pikipiki siku ya ajali", palikuwa na jina la mume wake.

"Hii imekosewa," alisema.

"Haijakosewa."

"Mume wangu hakuwapo. Siku ile alikuwa dukani kwako anapima misumari. Aliyeendesha ni wewe."

Msomaji aliyetukuta njiani na ajue hivi. Wiki sita nyuma, shemeji huyu, kaka mkubwa wa mume wa Pindo na mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alijitolea kumpeleka Pindo shuleni kukabidhi sare alizoshona. Pindo alipanda nyuma na furushi lake mapajani. Penye kona shemeji akalipita lori, simu ameibana kati ya sikio na kofia, anabishana na mtu kuhusu saruji. Gari lililotoka mbele liliwakumba. Shemeji aliinuka akapangusa suruali. Pindo hakuinuka.

Na leseni ya shemeji ilikuwa imekwisha muda wake miaka miwili kabla ya siku hiyo.

"Sikiliza," shemeji alisema, sauti ameilainisha. "Mumeo ana leseni. Mimi sina. Ukitaja jina langu, bima watatafuta visingizio na wewe hutapata hata senti. Ninakusaidia."

"Na mume wangu anasemaje?"

"Ameshasaini tangu jana."

Pindo akalichukua dole lake lenye wino, akalipangusa taratibu juu ya plasta ya mguu wake, mpaka likabaki doa refu jeusi.

"Kidole kimekauka," alisema.

Shemeji hakufoka. Ingekuwa afadhali angefoka. Alikunja karatasi, akaitia mfukoni, akayachukua magongo yaliyoegemezwa ukutani na simu ya Pindo iliyokuwa kwenye mkono wa kochi.

"Pumzika," alisema. "Mgonjwa akihangaika hapa na pale, mfupa hauungi. Tutaongea ukiwa umetulia."

Mlango wa nje ukafungwa kwa ufunguo.

Kuanzia saa hiyo dunia ya Pindo ilikuwa na hatua kumi na mbili: kutoka kitandani mpaka kochini, ameegemea bega la mama mkwe. Choo kilikuwa hatua nyingine saba, nazo aliziomba. Mtu aliyezoea kusimama kibandani kutwa nzima, anakata, anapima, anagombana na wateja kuhusu mikono mipana na mikono myembamba, sasa aliomba ruhusa ya kwenda haja.

Mama mkwe hakuwa mkali. Alimlisha, alimwogesha, alimsuka nywele. Lakini kila Pindo alipouliza habari za magongo, alijibiwa vilevile.

"Ngoja mwanangu atulie, mama. Usiyakoroge zaidi."

Siku ya pili, kabla ya adhuhuri, hodi ikabishwa mlangoni.

Aliyeingia alikuwa mwanamke mrefu mwenye miwani, mkoba umejaa mafaili. Pindo alimtambua mara moja. Alikuwa wakili, mteja wake wa siku nyingi. Wiki ya ajali alikuwa ameleta joho lake la mahakamani likunjwe upya, pindo lilikuwa limeachia.

"Fundi, pole sana," wakili alisema. "Nimezunguka kibandani kwako mara tatu. Jirani yako wa viatu ndiye aliyenielekeza. Sikujua ni makubwa kiasi hiki."

"Ni ajali tu," shemeji aliingilia. Alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani. "Anaendelea vizuri. Joho lako liko kwenye mfuko chumbani, kazi zote tulizihamishia hapa kutoka kibandani. Nikuletee uende nalo."

"Halijakamilika," Pindo alisema haraka. "Mama, nisaidie niende nikalibane pini. Dakika tano tu. Siwezi kumpa mteja joho linaloburura chini."

Hilo shemeji alishindwa kulipinga. Watu walimwita Pindo kwa sababu pindo alilolishona yeye, nguo huchakaa ikaisha lenyewe likiwa bado limeshika. Mtu wa namna hiyo kukataa kutoa kazi mbovu ni jambo la kawaida.

Chumbani alikaa kitandani, joho mapajani. Mama mkwe alitoka kumpa wakili maji. Pindo akanyakua penseli ya kuchoria vitambaa na kipande cha karatasi ya kukatia nguo, akaandika kwa mkono wa kushoto, herufi zimelala na kuinuka kama za mtoto wa chekechea: *Nimefungiwa. Nalazimishwa kutia dole. Aliyeendesha ni shemeji, si mume wangu. Kliniki Alhamisi asubuhi.*

Alikikunja kikaratasi, akakisukuma ndani ya pindo la nyuma, akabana pini tatu.

Mama mkwe alirudi akalichukua joho, akalikunja vizuri, akalitia kwenye mfuko wa plastiki. Sebuleni Pindo alimtazama wakili machoni.

"Nimelibana kwa pini tu. Ukifika, likague mwenyewe. Hasa nyuma."

"Fundi wangu, wewe sina haja ya kukukagua," wakili alicheka, akaaga, akaondoka.

Pindo alibaki anausikiliza mlango ukifungwa. Hakujua kama mwanamke yule ataligusa pindo lile leo, kesho, au siku atakapokwenda mahakamani na pini zikamchoma mguuni.

Jioni ile mume wake alikuja. Tangu ajali alikuwa akilala kwenye nyumba waliyokaa wawili, anasema nyumba haiwezi kubaki peke yake. Alikaa ukingoni mwa kitanda kama mgeni.

"Kwa nini ulisaini?" Pindo aliuliza.

"Kaka ndiye aliyelipa hospitali."

"Alilipa kwa sababu yeye ndiye aliyenivunja."

Mume alikuna kiganja. Kilikuwa na saruji kavu kwenye mistari, haikutoka hata akinawa.

"Nyumba tunayokaa ni yake," alisema. "Kazi ninayofanya ni yake. Nikimwambia hapana, kesho tunakwenda wapi? Wewe na mguu huo?"

"Kwa hiyo unakubali kwamba wewe ndiye uliyenitupa chini ya gari."

"Kaka anasema ni faini tu. Yeye ataitoa."

"Na wewe umeuliza mtu mwingine yeyote zaidi ya kaka?"

Hakuwa ameuliza. Pindo alitaka kumkasirikia, hasira ikakataa kuja. Alimwona tu jinsi mabega yalivyomlegea, mtu mzima anayemwogopa kaka yake kama mtoto anavyomwogopa mwalimu wa zamu. Akatambua kwamba waliofungiwa humu ndani ni wawili, tofauti yao ni kwamba mwenzake anatembea.

"Daktari amesema huenda nikapasuliwa tena," alimwambia. "Vyuma havijakaa sawa. Nikitia dole pale, upasuaji huo ataulipa nani?"

Mume aliinuka, akamfunika miguu kwa shuka, akaondoka.

Alhamisi ikafika. Asubuhi Pindo alikuwa ameshaoga na kuvaa, kadi ya kliniki mkononi, pale shemeji alipoingia akiwa na funguo za pikapu.

"Kliniki imeahirishwa," alisema. "Nimepiga simu. Daktari yuko safarini, mpaka wiki ijayo."

"Kadi inasema leo."

"Kadi haijui safari za daktari." Akatoa karatasi ileile, safari hii imewekwa kwenye faili la plastiki, na kidau cha wino kipya. "Nakwenda kupokea mzigo. Nikirudi saa sita nataka nikute umeshaamua. Baada ya hapo, shemeji, sitaomba tena. Mumeo asije kazini kesho, na nyumba nina mpangaji anayeitaka."

Akaondoka. Ufunguo ukazunguka.

Pindo alikaa akiitazama kadi mpaka maandishi yakaanza kuogelea. Wakili, kama aliuona ujumbe, sasa hivi alikuwa hospitali anamsubiri mtu asiyekuja.

Mama mkwe aliingia. Amevaa viatu vya kutokea, na chini ya kanga yake kulikuwa na kitu kirefu. Alikitoa. Yalikuwa magongo.

"Inuka," alisema. "Teksi iko upande wa uani."

"Mama?"

"Hatuendi kliniki. Tunakwenda kwa yule mteja wako wa joho. Nilizungumza naye jana kwa simu."

"Ulijuaje?"

"Nani aliyelikunja lile joho, mwanangu? Mimi. Karatasi ilikwaruza ndani ya kitambaa. Niliisoma, nikairudisha mahali pake." Alimtia gongo la kwanza kwapani. "Ufunguo wa mlango wa uani yeye hana. Nyumba hii niliijenga mimi."

Ofisi ya wakili ilikuwa ghorofa ya tatu, na jengo halikuwa na lifti. Pindo alizitazama ngazi, akataka kulia. Lakini wakili alikuwa ameshaliona hilo. Alishuka na mafaili yake mpaka duka la fotokopi lililokuwa chini, akaazima viti viwili na stuli, na hapo, kati ya mashine mbili zinazounguruma na marundo ya karatasi, ndipo Pindo alipozisikia haki zake kwa mara ya kwanza tangu avunjike.

"Jambo la kwanza," wakili alisema. "Umetia dole popote?"

"Sijatia."

"Usitie. Ile ni hati ya kumaliza madai. Ikipigwa muhuri, hata ukikatwa mguu mwaka ujao hakuna utakayemgongea mlango."

"Shemeji anasema bima hawalipi kama dereva hana leseni."

"Hawamlipi yeye. Wewe ni abiria, ulikaa nyuma na furushi lako, hukuvunja sheria yoyote. Pikipiki ina bima halali. Kwa sheria ya hapa bima watakulipa wewe, kisha watageuka kumdai yeye walichokulipa. Unaona sasa anachokikimbia?"

Pindo aliona. Aliliona kama mtu anayewashiwa taa katika chumba alichokuwa akijigonga miguu.

"Utadai gharama za hospitali," wakili aliendelea, "na za upasuaji unaokuja. Utadai miezi hii ambayo hujakanyaga cherehani. Na kama mkono huo hautarudi kukata kitambaa kama zamani, huo ni ulemavu, nao una fidia yake. Tunahitaji ripoti ya polisi, fomu ya daktari, na mtu atakayesema nani aliendesha."

"Na mume wangu? Ameshasaini kwamba ni yeye."

"Mumeo amejiwekea kesi ya jinai shingoni. Kumjeruhi mtu kwa uendeshaji wa hatari hakuishii kwenye faini kila mara. Wapo wanaofungwa. Afute maelezo yake kabla hayajafika mbali."

Mama mkwe, aliyekuwa ameketi kimya na mkoba wake mapajani, alikohoa kidogo.

"Kuna jambo lingine," wakili alisema, akashusha sauti. "Niliwaandikia bima tangu juzi niliposoma kikaratasi chako. Asubuhi hii wamenijibu. Wanasema hati yako wanayo tayari."

"Hati ipi?"

"Hati ya kumaliza madai. Yenye dole lako. Iliwafikia wiki ya pili baada ya ajali."

"Wiki ya pili nilikuwa nimelala hospitali, sijui hata siku."

"Ndiyo maana nimewaomba nakala. Wametuma sasa hivi."

Akampa mwenye duka simu yake. Mashine ikavuta pumzi, ikatoa karatasi moja, bado ina joto. Wakili aliiweka kwenye paja la Pindo.

Alama ya dole ilikuwepo, nyeusi, safi, mistari yake yote inaonekana. Chini yake: *Dole gumba la mkono wa kulia la mjeruhiwa.*

Pindo aliutazama mkono wake wa kulia. Bendeji ilianzia kwenye kiwiko ikaishia kwenye ncha za vidole. Ilikuwa hivyo tangu siku ya kwanza. Hakuna dole lililowahi kutoka humo.

"Bima nao walishtuka," wakili alisema. "Walipolinganisha na ripoti ya daktari wakataka dole jingine, la kushoto. Ndiyo sababu shemeji yako anakuhangaisha. Si kwamba anatafuta hati. Anaziba shimo la hati ya kwanza."

"Huyu aliyetia dole ni nani?"

"Hilo sijui. Lakini kuna shahidi aliyesaini pembeni. Jina limefifia, ila uhusiano wake unasomeka." Wakili alivuta miwani karibu na karatasi. Kisha akaigeuza ili Pindo asome mwenyewe.

*Uhusiano na mjeruhiwa: mama mkwe.*

Mashine ya pili iliendelea kupiga nakala za mtu mwingine, karatasi baada ya karatasi.

Pindo aligeuka. Mama mkwe hakuwa ameshtuka. Alikuwa amekaa wima, kama mtu aliyeijua zamu yake na sasa ameitwa.

"Walikudanganya, mama," Pindo alisema, na sauti yake ilikuwa ya kuomba. "Walikwambia ni karatasi ya upasuaji. Sivyo?"

"Hawakunidanganya. Nilisoma mstari kwa mstari."

"Na dole?"

Mama mkwe aliufunua mkono wake wa kulia juu ya mkoba, kiganja kikaangalia juu.

"Ni langu."

Wakili alivua miwani. Alizungumza polepole, kama anayepita penye vigae vya chupa.

"Mama, ukiyarudia maneno hayo polisi, madai ya fundi yamesimama. Hakuna wa kuyaangusha. Lakini wewe na mwanao mkubwa mtashtakiwa kwa kughushi. Nataka ulijue hilo kabla hujafungua mdomo tena."

"Nimelijua tangu nilipolikunja lile joho."

"Nisubirini. Nampigia mkuu wa kitengo cha usalama barabarani." Wakili akatoka nje, simu sikioni, akasimama kwenye kivuli cha ukuta.

Mara tu alipotoka, mama mkwe alisogeza kiti. Goti lake likagusa plasta. Harufu yake ilikuwa ileile ya sabuni aliyomwogeshea Pindo siku zote hizi.

"Nitasema dole ni langu," alinong'ona. "Nitasema mkubwa ndiye aliyeendesha, mumeo atoke kwenye maelezo yale, na wewe ulipwe haki yako yote. Lakini kwa sharti moja, mwanangu."

"Lipi?"

"Ya kughushi ni yangu peke yangu. Utasema wazo lilikuwa langu. Utasema niliyekufungia ndani ni mimi, aliyechukua magongo ni mimi, aliyekutisha na nyumba ni mimi. Mkubwa hakujua kitu. Ajali atalipia, atauza hata duka, lakini jela ya kughushi simpeleki."

"Mama, nikuweke ndani wewe? Wewe uliyenisuka nywele jana?"

"Mimi nina miaka sitini na minane. Yeye ana watoto watano." Macho yake yalikuwa makavu kabisa. "Ukikataa, nitayakana niliyoyasema mbele ya wakili, ninarudi nyumbani na sijawahi kuona karatasi yoyote. Dole liko pale, litafute la nani."

Upande wa kulia wa Pindo palikuwa na mashine, kushoto ukuta, mbele yake mwanamke aliyemwibia haki yake na ndiye pekee awezaye kuirudisha. Kusema kweli yote ni kupoteza kila kitu. Kusema nusu yake ni kumfunga mtu aliyemtoa kwenye mlango uliofungwa.

Wakili alirudi akiwa anatabasamu, simu bado mkononi.

"Tumepata bahati," alisema. "Kuna mpelelezi yuko hapa barabara ya pili, anakuja kuchukua maelezo sasa hivi. Ninyi wawili mkae mbalimbali, kila mmoja aseme lake. Nani anaanza?"

Mama mkwe aliinuka, akanyoosha kanga yake, akahamia kiti cha mlangoni bila kumwangalia mtu.

"Aanze yeye," alisema. "Mimi nitafuata atakachosema."